Mikalitusi na Maji ya Chemchemi

Ninyi wazee, ninyi baba na mama wa vijiji vinavyozunguka miji ya shaba, fundisho hili ni lenu. Watu wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kolwezi wanataka makala kila siku. Wanataka tena miti ya kujengea, na mbao. Mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville zamani hizo, na tangu wakati ule mashoka hayakupumzika. Pori la karibu limekwisha. Babu alichoma makala mahali anaposikia kengele ya misheni. Mjukuu wake anasukuma kinga yenye magunia tangu usiku, na jua linamkuta bado njiani.

Kwa sababu hiyo watu wanafika vijijini na kusema: Pandeni mikalitusi, mtapata mali. Wengine wanataka kukodi udongo wenu ili wapande wao. Sisi monitere hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Mti unaopandwa na kuvunwa unaokoa mubanga na mulombwa wa pori. Lakini kabla ya kutia kidole katika wino, ulizeni neno moja: shamba lile litakuwa juu ya maji gani?

Kalitusi si mti wa kwetu. Ulitoka Australia. Wabelgiji waliupanda karibu na miji, na misheni nyingi zina safu zake mpaka leo. Waliupenda kwa sababu unakua upesi, unanyoka, na ukikatwa unachipuka tena kwenye kisiki. Mtu akipanda leo, baada ya miaka 7 au 8 anaweza kukata nguzo. Mubanga haufanyi hivyo. Atakayekata mubanga aliyoupanda baba ni mjukuu, kama moto haukuuona kwanza.

Lakini mti usiopumzika kukua haupumziki kunywa. Watu wa Ulaya walijua jambo hili zamani. Karibu na Roma, mahali paitwapo Tre Fontane, palikuwa na kinamasi na homa nyingi ya mbu. Watawa wa Trappiste walikaa pale tangu mwaka 1868, nao walipanda mikalitusi mingi sana. Hawakuipanda kwa ajili ya nguzo. Waliipanda ili ikaushe udongo. Basi angalieni: mti ambao watu wenye akili waliuchagua kwa kukausha kinamasi, mtu mwingine anataka kuupanda juu ya kisima chenu.

Hapa wazee watanijibu: «Wewe kijana, tangu zamani tunajua miti inalinda maji. Penye mushitu pana chemchemi. Ukikata mushitu, chemchemi inakufa.» Neno lao lina kweli ndani yake, lakini tulipasue vizuri. Mushitu unaota pale kwa sababu maji yamekwisha kuwapo. Maji yalitangulia, miti ikafuata. Kiisha miti ile inalipa deni lake: inafunika udongo, inazuia jua, inashika kingo zisibomoke, na majani yake yanayooza yanafanya udongo kuwa laini hata mvua inaingia chini. Mushitu ni mlinzi wa chemchemi. Baba wa chemchemi ni mvua iliyoingia katika udongo wa kilima chote kilicho juu yake. Basi mtu asiseme, «Mti ni mti, nikikata mushitu nitapanda kalitusi mahali pake, ni sawasawa.» Si sawasawa hata kidogo.

Tuhesabu pamoja. Mvua ikinyesha milimetro 1 juu ya hekta 1, ni litre 10000 za maji, ndiyo bidoni 500 za litre 20. Katika upande wa Lubumbashi mvua ya mwaka mmoja ni karibu milimetro 1200. Kila hekta inapokea basi bidoni 600000. Ni mali kubwa. Lakini yote haifiki mtoni. Maji mengine yanakaa juu ya majani ya miti na kukauka pale pale. Mengine yanaingia udongoni, mizizi inayavuta, nayo yanatoka katika majani kama mvuke usioonekana. Yaliyobaki tu, yale ambayo hakuna aliyeyanywa, yanashuka polepole chini ya udongo mpaka chemchemi. Chemchemi ni masalio ya meza. Mlaji mkubwa akikaa mezani, masalio yanapungua.

Sasa mlinganishe walaji. Majani ya porini yana mizizi mifupi, na wakati wa kiangazi yanakauka, hayanywi tena. Miti mingi ya pori letu inaangusha majani kiangazi, inangoja, kiisha inatoa majani mapya mekundu kabla ya mvua. Lakini kalitusi lina majani mwaka mzima. Mwezi wa nane linakunywa, mwezi wa tisa linakunywa, wakati udongo wa juu umekauka kama kigae. Linapata wapi? Mizizi yake inashuka. Katika Afrika ya Kusini mafundi walipima wakaona mikalitusi ikivuta maji kutoka metre 8 chini ya udongo. Kwa njia hiyo mti unakunywa akiba iliyowekwa na mvua za miaka iliyopita, na akiba ile ndiyo inayolisha chemchemi mwezi wa kumi.

Msiniamini mimi tu. Kuna mahali katika Afrika ya Kusini panaitwa Mokobulaan. Mvua yake inakaribia ile ya kwetu, nayo inanyesha wakati wa joto kama kwetu. Palikuwa na majani matupu, na vijito vilivyotiririka mwaka mzima. Mwaka 1969 mafundi walipanda mikalitusi katika bonde moja, na mwaka 1971 walipanda misonobari katika bonde la pili. Bonde la tatu waliliacha na majani yake, ili walinganishe. Kila siku walipima maji. Mwaka wa tisa baada ya kupanda, kijito cha mikalitusi kilikauka kabisa. Kile cha misonobari kilikauka mwaka wa kumi na mbili. Kijito cha majani kiliendelea kutiririka. Mbingu ni moja, mvua ni moja. Tofauti ni miti.

Halafu sikilizeni sehemu ya pili ya habari hiyo, maana watu wengi hawaisemi. Mikalitusi ile ilipofika miaka 16 ilikatwa yote. Je, maji yalirudi mara moja? Hapana. Kijito kilingoja miaka mitano. Sababu gani? Mizizi ilikuwa imekausha udongo wa chini sana, na mvua ilipaswa kwanza kuujaza, kama chungu kilichomwagwa chote, kabla ya tone moja kuvuka mdomo. Basi yule anayewaambia, «Mkiona maji yamepungua tutakata tu,» anasema neno rahisi. Katika miaka mitano mtoto mchanga anakuwa mchunga mbuzi.

Mambo haya hayakuonekana Mokobulaan peke yake. Mwaka 2005 wenye elimu walikusanya vipimo vya mabonde ya nchi nyingi, mahali ambapo miti ilipandwa juu ya majani au vichaka. Waliona kwamba maji ya vijito yalipungua karibu nusu, na katika kila vijito 100, 13 vilikauka kabisa kwa mwaka mzima au zaidi. Serikali ya Afrika ya Kusini ilikwisha kuogopa mbele ya hapo: tangu mwaka 1972 mtu hakuweza kufungua shamba jipya kubwa la miti bila ruhusa, na sheria yao ya maji ya mwaka 1998 inahesabu mashamba hayo pamoja na kazi zinazopunguza maji ya mito.

Kuna tena hesabu iliyofanywa mwaka 1982 kutokana na mabonde 94. Inasema hivi: bonde likifunikwa sehemu moja katika kumi na mikalitusi au misonobari, mahali palipokuwa na majani, maji ya mwaka yanapungua karibu milimetro 40 kwa bonde lote. Tulitie katika bidoni. Bonde la hekta 100, hekta 10 za kalitusi. Milimetro 40 juu ya hekta 100 ni litre milioni 40, ndiyo bidoni milioni 2 kwa mwaka. Gawanyeni kwa siku 365: zaidi ya bidoni 5000 kila siku. Hesabu hii ni ya kadiri. Bonde moja litapoteza zaidi, lingine kidogo. Penye pori la miti tangu mwanzo tofauti ni ndogo kuliko penye majani, kwa sababu miti ya pori nayo inakunywa.

Ndiyo, inakunywa. Ni lazima niseme hili wazi, ingawa wengine watafurahi kulisikia kwa ubaya. Upande wa Zambia, katika nchi ya shaba jirani yetu, mafundi walipima maji ya mabonde ya Luano. Pori lilipokatwa na mashamba kulimwa, maji yaliyotoka yaliongezeka. Je, tukate basi pori lote ili mito ijae? Fikirini maji yale yanapita lini. Udongo ulio uchi unapigwa na mvua, unakuwa mgumu juu, na maji yanakimbia siku ile ile, mekundu, yamebeba udongo wa shamba. Mwezi wa kwanza mto unafurika na kuvunja daraja la miti. Mwezi wa kumi hauna kitu. Maji ya mwezi wa kwanza hayapiki bukari ya mwezi wa kumi. Pori linakunywa sehemu yake na kufungua udongo ili nyingine iingie. Kwa hiyo, mahali palipokwisha kuharibika, penye udongo mgumu na makorongo, hata miti ya kupandwa inaweza kusaidia mvua kuingia na kupunguza mafuriko. Lakini kwa chemchemi ya kiangazi, bado ni lazima muulize mti ule unakunywa kiasi gani.

Najua pia kwamba katika nchi yetu si miti tu inayokunywa. Migodi nayo inavuta maji ya chini, mchana na usiku, ili watu waweze kuchimba. Maji hayo ni mengi sana. Pale Kipushi kazi ya kuchimba ilisimama mwaka 1993, lakini pampu ziliendelea. Mwaka 2011 pampu ziliharibika, na maji yakapanda na kujaza mgodi. Kwa sababu hiyo kijiji kikikaukiwa, mwenye miti anasema, «Ni mgodi,» na mwenye mgodi anasema, «Ni miti,» na mama anaendelea kutembea na bidoni kichwani. Njia ya kuwatenganisha ni kupima, nami nitawaonyesha hapa chini.

Kwanza habari ya mahali pa kupanda. Kila chemchemi ina bonde lake. Kulijua bonde, usihitaji karatasi. Ondokeni pamoja, vijana na mzee mmoja anayejua mipaka, mpande mpaka kichwa cha kilima, mahali ambapo mvua inagawanyika, maji mengine yakienda kwenu na mengine upande wa pili. Fuateni mgongo ule mkiweka alama kwenye miti mpaka mmezunguka. Yote iliyo ndani ya alama inalisha kisima chenu. Mimi nashauri kalitusi lisipite sehemu moja katika kumi ya bonde lile. Na hiyo moja iwe juu, kwenye mgongo, mbali na bonde la unyevu, katika vipande vidogo vilivyoachana. Ndani ya dambo, hapana. Mahali mnapolima sombe na kabichi za kiangazi za kuuza kambini, hapana. Mti ukiwa juu unakunywa mvua yake. Ukiwa chini unakunywa mvua ya kilima chote, kwa maana mizizi yake inafikia maji yanayopita.

Sheria yetu ya misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti metre 50 kila upande wa mto, na metre 100 kuzunguka chemchemi. Watu wengine wanaisoma vibaya. Wanakata mushitu, wanatia kalitusi, wanasema: «Tazama, miti ipo.» Sheria inalinda miti iliyokuwapo. Ndani ya metre hizo acheni yenyewe ikue. Msipande kitu, zuieni moto na mbuzi tu, na mwaka wa tatu mtashangaa.

Hata kwa makala, kalitusi si njia pekee. Visiki vingi vya pori letu vinachipuka vyenyewe mtu asipoving'oa. Adui mkubwa wa chipukizi ni moto wa mwezi wa tisa, ambao unakuta majani yamekauka kabisa na unaua kila kitu. Chomeni mapema, mwezi wa tano au wa sita, wakati majani yana ubichi bado. Moto unakuwa mdogo na chipukizi zinapona. Chagueni kipande, kigawanyeni, kateni kimoja na kuacha vingine. Karibu na Kinshasa, katika uwanda wa Bateke, kuna shamba la Mampu, karibu hekta 8000 za mikasia, lililopandwa tangu 1987 mpaka 1993, kiisha likagawanyiwa jamaa karibu 300, hekta 25 kila jamaa. Wanakata makala, halafu wanalima mihogo na mahindi mahali pale pale, na mikasia inaota tena, tena inaongeza mbolea udongoni. Mikasia nayo inakunywa maji, msidanganyike. Lakini pale mwenye mti, mwenye shamba na mwenye kiu ni mtu mmoja, na hilo linabadilisha maneno mengi.

Kwenu mara nyingi sivyo. Mwenye mti anakaa mjini. Kalitusi likikatwa linachipuka, linakatwa tena, linachipuka tena. Mapatano ya kweli ni ya miaka 20 na zaidi, hata kama karatasi inasema 8. Basi waulizeni mbele ya watu wote: Mpaka wa shamba uko metre ngapi kutoka chemchemi? Visiki vitang'olewa na nani, kwa mali ya nani, siku mapatano yatakapokwisha? Maji yakipungua, nani atachimba kisima kirefu? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ile ile ya bei. Mwenye kuuza miche hasemi habari ya kisima mpaka aulizwe. Na akina mama wawepo siku hiyo. Nimeona mikutano ambayo wanaume kumi walikubali, na hata mmoja wao hajui bidoni linajaa kwa muda gani.

Kama kalitusi limekwisha kupandwa juu ya chemchemi, kulikata tu ni kulipa nguvu. Kateni chini kabisa. Ondoeni gome lote la kisiki mpaka chini ya udongo, kwa shoka au panga, kiisha kifunikeni kwa udongo. Pitieni tena baada ya miezi miwili, vunjeni kila chipukizi likiwa bado laini, mwaka wa kwanza na wa pili. Kazi ni ngumu, lakini mti mmoja kwa siku unatosha kijana asiye na haraka. Msivute visiki vyote pamoja kwenye ukingo wenye mteremko, maana kingo zitabomoka. Anzeni na ile iliyo karibu zaidi na maji.

Sasa kupima. Chukueni bomba au kipande cha mwanzi, tieni katika mdomo wa chemchemi kwa udongo wa mfinyanzi, maji yote yapite pale. Wekeni bidoni la litre 20. Hesabuni sekunde mpaka lijae. Simu au saa ya mwalimu inatosha. Gawanyeni 86400 kwa sekunde zile, mtapata bidoni za siku nzima. Likijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa bidoni 2160 kwa siku. Andikeni katika daftari linalokaa kwa mfumu, tarehe na hesabu, mara moja kila mwezi, na kila juma tangu mwezi wa nane mpaka mvua ya kwanza.

Mwezi wa tisa, siku isiyo na mvua, pimeni mara mbili: alfajiri kabla ya jua, na tena saa tisa mchana. Mti haunywi usiku kama mchana. Kama alfajiri bidoni linajaa kwa sekunde 40 na mchana kwa 55, halafu alfajiri ya pili ni 40 tena, kuna miti inayokunywa karibu na maji yenyewe. Pampu ya mgodi inayovuta mchana na usiku haifanyi hivyo. Inashusha polepole, asubuhi na jioni ni sawa, na visima vya vijiji vingine vinashuka pia. Mikalitusi ya juu kilimani haionyeshi mchezo wa mchana vizuri. Hiyo mtaijua kwa daftari, mkilinganisha mwezi wa kumi wa mwaka huu na ule wa mwaka jana, mvua zikiwa sawa. Kwa hiyo andikeni mvua pia. Kopo lenye kuta zilizonyoka, lililosimamishwa uwanjani mbali na miti na nyumba, na rula ya mtoto wa shule, hutosha.

Maulizo kwa watoto wa kalasi ya tano:

1. Chemchemi ya kijiji inajaza bidoni moja kwa sekunde 48. Inatoa bidoni ngapi kwa siku?

2. Kijiji kina jamaa 90, na kila jamaa inataka bidoni 6 kwa siku. Je, chemchemi ile inatosha? Yanabaki maji kiasi gani kwa bustani za mboga?

3. Mtu anataka kupanda hekta 12 za kalitusi katika bonde la hekta 60. Ni sehemu gani ya bonde? Mngempa hekta ngapi, na upande gani wa kilima? Chora bonde lenu, uonyeshe.

4. Leteni shuleni kipimo cha chemchemi yenu cha alfajiri na cha saa tisa.